Ila Moja Katika Sheria ya Marekani

Katika Kiswahili tuna neno dogo lenye maana mbili. Tukisema "wote wamekuja ila Juma," ila ni neno la kutoa: linamtenga mmoja na wengi. Tukisema "hakuna binadamu asiye na ila," ila ni kasoro, ni doa, ni ugonjwa uliojificha. Wajuzi wa Kiarabu watatwambia kwamba asili ya maneno haya ni mbalimbali, na kwamba masikio yetu ya mwambao ndiyo yaliyoyakutanisha katika sauti moja. Hata hivyo, kuna kifungu kimoja cha sheria za dunia ambacho kikifasiriwa kwa Kiswahili, maana zote mbili husimama mahali pamoja bila ya kugombana. Kifungu hicho ni Marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa na Bunge la nchi hiyo tarehe 31 Januari 1865 na kuridhiwa na idadi ya majimbo iliyohitajika tarehe 6 Disemba mwaka huohuo.

Kifungu chenyewe chasema kwamba utumwa na kazi ya kulazimishwa havitakuwapo katika Marekani, ila viwe ni adhabu ya kosa ambalo mtu amehukumiwa kihalali. Ukisoma kwa haraka huoni ajabu yoyote. Nani asiyejua kwamba mhalifu hufungwa, na kwamba mfungwa hufanyishwa kazi? Lakini mfasiri hana ruhusa ya kusoma kwa haraka. Akilipima kila neno, ataona kwamba sheria iliyokusudiwa kuufunga mlango wa utumwa imeacha upenyo, na kwamba ufunguo wa upenyo huo umekabidhiwa mahakama. Historia ya haki ya jinai katika Marekani, khasa katika majimbo ya Kusini, kwa sehemu kubwa ni historia ya wale waliopitishwa katika upenyo huo.

Maneno hayo hayakubuniwa mwaka 1865. Yalinakiliwa kutoka katika sheria ya mwaka 1787 iliyoanzisha utawala wa ardhi za kaskazini-magharibi, nayo ilikataza utumwa huko kwa ibara iyo hiyo na kwa kitoa kicho hicho. Wakati Seneti ilipojadili jambo hili mwaka 1864, Seneta Charles Sumner wa Massachusetts alitaka maneno mengine, yenye kutamka kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Wenziwe walimkatalia. Waliona ni salama zaidi kushika maneno yaliyozoeleka, ambayo majaji waliyajua na ambayo hayangezusha ubishi. Kwa hivyo ila ile iliingia katika Katiba kwa mazoea tu, kama vile vumbi liingiavyo nyumbani pamoja na mgeni.

Wenye mashamba wa Kusini, waliokuwa wameshindwa vita, hawakuchelewa kuuona upenyo. Mwezi Novemba 1865, kabla hata wino wa Marekebisho haujakauka, jimbo la Mississippi lilianza kutunga sheria za kuwafunga kamba wale waliokwisha funguliwa. Mtu mweusi aliyetimiza miaka 18, ambaye kufikia wiki ya pili ya Januari 1866 hangekuwa na kazi inayotambuliwa, alihesabiwa kuwa ni mzururaji. Mzururaji alitozwa faini ya hadi dola 50. Na kama hakuilipa katika muda wa siku 5, alikodishwa kwa yeyote atakayemlipia. South Carolina na majimbo mengine yalifuata nyayo hizo. Tutazame mpangilio wake: kwanza umaskini wa mtu umegeuzwa kosa, kisha kosa limegeuzwa deni, kisha deni limegeuzwa jasho. Na kila hatua ina muhuri wa sheria.

Sheria hizo za mwanzo zilifutwa au kuzimwa na Sheria ya Haki za Raia ya 1866 na Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, kwa kuwa zilitaja rangi ya mtu waziwazi. Wanasheria wa Kusini walijifunza kutoitaja. Mwaka 1876 Mississippi ilipitisha sheria ambayo watu waliipa jina la Sheria ya Nguruwe: aliyeiba mnyama wa kufugwa, au mali yenye thamani ya zaidi ya dola 10, aliweza kufungwa hadi miaka 5. Haikuandikwa humo mweusi wala mweupe. Lakini kila mtu alijua ni nani mwenye njaa, na ni nani mwenye zizi. Idadi ya wafungwa wa jimbo hilo ikapanda kwa kasi.

Wafungwa hao hawakupelekwa gerezani kwa maana tuijuayo. Walikodishwa. Desturi hii ilikuwapo kabla ya vita. Kentucky iliianza mwaka 1825. Lakini baada ya vita ilienea Kusini kote, kwa kuwa hazina za majimbo zilikuwa tupu, magereza yalikuwa yameungua, na reli, migodi na mashamba ya miwa yalihitaji mikono. Mwaka 1868 gavana wa muda wa Georgia, ambaye naye alikuwa jenerali wa jeshi la Kaskazini, aliwakodisha wafungwa weusi 100 kwa kampuni ya reli kwa mwaka mmoja, kwa dola 2,500. Louisiana iliwakabidhi wafungwa wake kwa Samuel James mwaka 1870, na mkataba huo ulidumu hadi 1901. Texas, mwaka 1878, iliwakodisha wafungwa wake kwa wenye mashamba wawili, Cunningham na Ellis. Na mwaka 1871 mahakama ya juu ya Virginia, katika kesi ya mfungwa aliyeitwa Ruffin, ilitamka bila ya kuuma maneno kwamba mfungwa, kwa muda wa kifungo chake, ni mtumwa wa dola. Ila ya Katiba ilikuwa imepata mfasiri wake.

Ili kuufahamu mtambo huu, natuufuate mkasa wa mtu mmoja. Tarehe 30 Machi 1908, katika mji wa Columbiana, Alabama, alikamatwa kijana mweusi aitwaye Green Cottenham, mtoto wa waliokuwa watumwa. Kosa aliloandikiwa ni uzururaji. Adhabu yake ilikuwa siku 30 za kazi ngumu. Lakini juu ya adhabu kulikuwa na gharama: malipo ya aliyemkamata, ya karani, ya mashahidi. Maafisa wengi wa zama hizo hawakulipwa mshahara, bali walilipwa kwa kila mtu waliyemtia mbaroni. Cottenham hakuwa na cha kulipa, hivyo siku 30 zikawa karibu mwaka mzima. Kaunti ilimkodisha kwa kampuni ya makaa ya mawe na chuma ya Tennessee, iliyokuwa chini ya kampuni kubwa ya chuma ya U.S. Steel, kwa dola 12 kwa mwezi. Alishushwa katika mgodi karibu na Birmingham. Kabla mwezi Agosti haujaisha alikuwa amekwisha kufa.

Katika mtambo huo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza kama kijana huyu ana hatia. Aliyemkamata alipata ada yake, kaunti ilipata kodi yake, kampuni ilipata makaa yake. Wala hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtunza. Bwana wa zamani alimnunua mtumwa kwa fedha nyingi, na kifo cha mtumwa kilikuwa hasara katika daftari lake. Mkodishaji hakununua chochote. Aliyekufa leo, kesho aliletewa mwingine kwa bei ileile. Hii ndiyo sababu watu walikufa katika kambi hizo kwa wingi wa kutisha, kwa viboko, kwa homa na kwa kuporomokewa na mawe. Mwaka 2018, mafundi waliokuwa wakijenga skuli huko Sugar Land, Texas, walifukua makaburi 95 yasiyokuwa na majina. Yalikuwa ya wafungwa wa mashamba ya miwa. Mji umebakiwa na jina la sukari. Waliokata miwa hawakubakiwa na jina lolote.

Si kweli kwamba watu wa zama zile hawakujua. Mwandishi George Washington Cable, mzaliwa wa New Orleans aliyepigana upande wa Kusini, alichapisha mwaka 1884 makala ya kuulaani mfumo huu, akitumia taarifa za magereza yenyewe kuwa ushahidi. Ida B. Wells aliueleza katika kijitabu alichokichapisha mwaka 1893. W. E. B. Du Bois aliuandikia mwaka 1901, na Mary Church Terrell mwaka 1907. Wafanyakazi nao waliinuka: mwaka 1891, katika bonde la Coal Creek, Tennessee, wachimbaji walioachishwa kazi ili nafasi zao zichukuliwe na wafungwa waliizingira kambi, wakawapakia wafungwa katika garimoshi na kuwarejesha mjini. Baadaye waliwafungulia kabisa na kuzitia moto kambi. Mkataba wa Tennessee ulipokwisha mwaka 1896, haukufanywa upya.

Wahenga wetu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kwa miaka zaidi ya hamsini msumeno huu ulikata upande mmoja, na wa upande wa pili wakastarehe wakidhani hauna meno ya kurudi. Mwishoni mwa 1921 huko Florida alikamatwa Martin Tabert, kijana mzungu kutoka North Dakota, kwa kupanda treni bila ya tiketi. Alitozwa faini ya dola 25. Jamaa zake waliituma fedha, nayo ikarudishwa; mwenyewe alikwisha pelekwa katika kambi ya kampuni ya mbao. Mwezi Februari 1922 alifariki baada ya kuchapwa na mnyapara. Habari ilipofika magazetini mwaka 1923, nchi ilitikisika, na mwaka huohuo Florida ikapiga marufuku kaunti kukodisha wafungwa na wafungwa kupigwa viboko. Mnyapara alitiwa hatiani, hukumu ikatenguliwa, na aliposhitakiwa tena akaachiwa. Maelfu ya weusi walikuwa wamekufa kifo kilekile kabla yake. Ilimpasa mzungu afe ndipo kifo chao kionekane.

Alabama ndiyo iliyokuwa jimbo la mwisho kuacha ukodishaji, mwaka 1928. Lakini kuacha kukodisha si kuacha kutumikisha. Majimbo yaliwachukua wafungwa na kuwatia katika mashamba yao yenyewe: Parchman huko Mississippi, Angola huko Louisiana, shamba ambalo hapo kale lililimwa na watumwa. Wengine walifungwa minyororo pamoja, wakatengeneza barabara. Ilipofika Disemba 1941, siku chache baada ya Marekani kuingia katika Vita Vikuu vya Pili, Mwanasheria Mkuu Francis Biddle aliwaandikia waendesha mashitaka wa serikali kuu akiwataka wazishughulikie kesi za utumwa na kazi ya kulazimishwa kwa uzito unaostahiki. Ilikuwa miaka 76 tangu Marekebisho ya 13.

Tusije tukadhani kwamba ila ya namna hii ni ya Wamarekani peke yao. Amri ya kufuta utumwa iliyotolewa hapa Unguja tarehe 6 Aprili 1897 ilimtaka aliyepata uhuru wake aonyeshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo atangazwe kuwa mzururaji. Na masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Bahari mbili zilitenganisha waandishi wa sheria hizi, lakini waliogopa jambo moja: mtu aliye huru ambaye hana wa kumwamrisha alfajiri.

Wapo watakaosema kwamba mhalifu ni lazima aadhibiwe, na kwamba kazi ni bora kwake kuliko kukaa bure. Hoja hiyo ina uzito, wala makala haya hayaipingi. Kazi yaweza kumrudishia mtu heshima yake. Lakini kuadhibu ni jambo moja, na kuuza ni jambo jingine. Adhabu hupimwa kwa kosa. Biashara hupimwa kwa faida. Pindi jasho la mfungwa linapokuwa na mnunuzi, swali la mahakama hugeuka: badala ya kuuliza mtu huyu amefanya nini, huulizwa tunahitaji watu wangapi.

Wamarekani wenyewe wamelirudia neno hili katika zama zetu. Colorado iliiondoa ila hiyo katika katiba ya jimbo mwaka 2018, baada ya kushindwa mwaka 2016 kwa sababu, wengi walisema, maneno ya karatasi ya kura yaliwachanganya wapigakura. Nebraska na Utah zilifuata mwaka 2020. Alabama, Tennessee, Oregon na Vermont mwaka 2022. Nevada mwaka 2024. Louisiana ilikataa mwaka 2022, baada ya mbunge aliyelileta pendekezo kuona kwamba maneno yake yameharibika na kuwasihi watu wasiliunge mkono. California nayo ilikataa mwaka 2024. Katika Katiba ya nchi nzima, maneno ya 1865 yamebaki kama yalivyo.

Msomaji ataona kwamba mara mbili kati ya hizo jambo lilikwama kwa sababu ya sentensi iliyoandikwa vibaya. Watu wa kalamu aghalabu huambiwa kwamba wanashughulika na mambo madogo: kiunganishi hiki, kituo kile. Waliolala katika makaburi 95 ya Sugar Land walipelekwa huko kwa kiunganishi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa sheria ni neno. Basi kila tuletewapo sheria iliyo njema na tukufu, yenye kuahidi haki kwa wote, tuisome hadi tulifikie neno ila. Kisha tusimame hapo, tuulize ni nani atakayepitishwa, na ni nani aliyeushika ufunguo.