Vinegre, taa na mama muuguzi: kipimo cha kansere kimetoka wapi?

Ndugu wasikilizaji wa Kisangani, nanyi mliovuka mto kutoka Lubunga kwa sababu ya mapigano ya Mbole na Lengola yaliyoanza 2023, salamu. Mama akiambiwa kwamba vinegre inaweza kuonyesha dalili za kansere ya mlango wa tumbo la uzazi, anacheka kwanza. Basi tusimulie.

Mwaka 1925, kule Hamburg, Ujerumani, munganga Hans Hinselmann alitengeneza chombo chenye taa na lenzi cha kutazama ndani ya mama. Baadaye akaona kwamba asidi ya vinegre ikipakwa, sehemu iliyoharibika inageuka nyeupe. Huyo hakuwa mtu mwema: baada ya vita alihukumiwa kwa kuwafunga uzazi kwa nguvu wanawake wa kabila la Roma. Kwa hiyo mama anayetaka kuelezwa kila kitu kabla ya kupanda kitandani ana haki yake, asikemewe.

New York, Papanicolaou alichukua njia nyingine. Kitabu chake na Traut, cha 1943, kilionyesha jinsi ya kutambua kansere kwa chembe chini ya mikroskopi. Nchi tajiri ziliokoa wanawake wengi hivyo. Lakini inataka maabara, mtaalamu, na mama kurudi kuchukua majibu. Aliyekimbia vita atarudi wapi?

Jibu lilitoka karibu nasi. Zimbabwe, kati ya 1995 na 1997, wakunga walipima wanawake zaidi ya 10,000 kwa vinegre na macho tu. Waliwagundua wengi wenye dalili, ingawa wengine walitiwa hofu bure. Kisha Mumbai, India, utafiti wa wanawake 150,000 uliotangazwa 2013 ulionyesha vifo vya kansere hiyo kupungua kwa 31 kwa mia.

Tangu 2021 OMS inapendelea kipimo cha kirusi chenyewe, kuanzia miaka 30, au 25 kwa mwenye virusi vya ukimwi. Mama anaweza hata kujichukulia sampuli. Pasipo na mashine hiyo, vinegre inaendelea. Ila msijipake nyumbani! Ya muuguzi imepimwa nguvu yake, na bila taa na jicho lililofundishwa haionyeshi kitu.

Baba, nawe usikie. Kirusi hiki karibu kila mtu hukipata maishani, si ushahidi wa uzinzi, wala si uchawi. Doa jeupe mara nyingi si kansere bado. Kutoka hapo hadi kansere inaweza kupita miaka 10 au 20, na linaweza kugandishwa au kuchomwa siku ileile. Mlipie mama toleka, baki na watoto, umsindikize siku ya majibu.

Na kama ulipimwa kabla ya kukimbia na karatasi ikaungua na nyumba, mwambie muuguzi mwaka unaoukumbuka. Usipokumbuka, ataanza upya.