Wanawake katika mazungumzo ya amani ya Burundi

Ushiriki wa wanawake katika mazungumzo ya amani ya Burundi ulitokana na harakati za wanawake wa Kihutu na Kitutsi waliodai kwa pamoja, vita vikiwa bado vinaendelea, nafasi katika mazungumzo ya Arusha, Tanzania. Madai yao yalichangia kuzaliwa kwa sharti la Katiba ya 2005 lililowatengea wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi serikalini, katika Bunge na katika Seneti.

Usuli

Vita vilianza Oktoba 1993, wanajeshi walipomuua Rais Melchior Ndadaye. Waziri Mkuu alikuwa Sylvie Kinigi, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini. Kwa kuwa Spika wa Bunge, ambaye kikatiba ndiye angekaimu urais, aliuawa pia, Kinigi aliyekuwa amejihifadhi katika ubalozi wa Ufaransa aliongoza kilichobaki cha serikali hadi Februari 1994. Hata hivyo, wadhifa wa mtu mmoja haukuwafungulia wenzake njia. Vita viliua watu wapatao 300,000. Wanawake walibakwa, wakafiwa na waume, wakalea familia katika kambi za wakimbizi, zikiwemo za Kigoma, Tanzania. Mwaka 1994 mashirika yao yaliunda umoja wa CAFOB, uliowakutanisha wanawake wa makabila yote.

Arusha, 1998–2000

Mazungumzo yalifunguliwa Juni 1998 chini ya usuluhishi wa Mwalimu Julius Nyerere, yakihusisha pande 19: serikali, Bunge na vyama vya siasa. Wanawake waliosafiri hadi Arusha walijikuta nje ya ukumbi. Wajumbe wa vyama waliyahesabu mazungumzo hayo kuwa ya kugawana madaraka, na wanawake hawakuwa chama. Hoja hiyo ilikuwa na kasoro kubwa, kwani iliwapa sauti walioshiriki mapambano ya madaraka na kuwanyima walioumizwa nayo. Wanawake hawakukata tamaa. Waliwafuata wasuluhishi na wajumbe mmoja mmoja, hadi baadhi yao wakakubaliwa kuwa waangalizi.

Baada ya Nyerere kufariki Oktoba 1999, Nelson Mandela alishika usukani. Julai 2000, Taasisi ya Mwalimu Nyerere na shirika la Umoja wa Mataifa la UNIFEM viliitisha mjini Arusha mkutano wa wanawake wa Burundi, na kila upande kati ya zile 19 ukatuma wanawake wawili. Walikubaliana kudai adhabu kwa wabakaji, haki ya mwanamke kumiliki na kurithi ardhi, elimu ya wasichana, na asilimia 30 ya nafasi za uongozi. Mengi ya mapendekezo yao yaliingizwa katika Mkataba wa Arusha uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Asilimia 30 haikukubaliwa.

Katiba ya 2005

Kilichokataliwa Arusha kilipatikana katika Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni Februari 2005. Matokeo ya uchaguzi wa Bunge yakikosa wanawake wa kutosha, wengine huteuliwa ili kufikia kiwango. Mwaka huohuo Immaculée Nahayo alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge, na Alice Nzomukunda akawa Makamu wa Rais.

Tathmini

Sharti hilo limedumu, na tangu 2015 wanawake wamevuka theluthi moja ya wabunge. Mipaka yake ni miwili. Kwanza, orodha za wagombea hupangwa na vyama, kwa hiyo mbunge mwanamke huweza kuwajibika zaidi kwa kiongozi wa chama kuliko kwa wanawake wenzake. Pili, mabaraza ya vilima, yaani ya ngazi ya chini ya utawala, ambako migogoro ya mashamba husikilizwa kwanza, hayana kiwango kama hicho. Urithi wa ardhi nao umeendelea kutawaliwa na mila zinazompendelea mtoto wa kiume, ingawa haki hiyo ilikuwa kati ya madai makuu ya mwaka 2000. Kwa kipimo cha madai yao wenyewe, wanawake wa Burundi wamepata viti kabla ya kupata ardhi.