Kukata Kitambi au Kujenga Misuli: Jinsi ya Kupima Ugali, Chapo na Ngwashe

Kila Januari jimu za mtaa hujaa wasee walioapa kuachana na ugali. Siku nne baadaye mizani inasoma kilo mbili chini na kila mtu anaitiwa kuona. Kufika wiki ya tatu, vyuma vimekuwa vizito, msee anavamia chapo usiku na zile kilo zimerudi zote. Ugali haukuwa na makosa. Alikata kitu bila kujua kinafanya nini mwilini.

Wanga ni wa nini?

Gramu moja ya wanga iko na kalori 4, sawa tu na protini. Mafuta yako na 9. Mwili hugeuza wanga kuwa sukari, na ile haijatumika huwekwa kwa misuli na ini ikiitwa glaikojeni. Hiyo ndiyo petroli ya kuinua vyuma.

Sasa weka hii kwa akili: kila gramu ya glaikojeni hushika karibu gramu 3 za maji. Ndiyo maana ukiacha ugali ghafla, kilo za kwanza kupotea huwa maji mengi kuliko mafuta.

Ukitaka kukata mafuta

Mafuta hupungua ukila kalori chache kuliko zile unatumia. Toa 300 hadi 500 kwa siku, na usianze na sahani ya supper. Anza na vitu za njiani. Soda ya nusu lita iko na karibu gramu 50 za sukari, hizo ni kama kalori 200. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni kama 140 zingine. Hapo umefika bila kugusa ugali.

Kama unapiga vyuma mara tatu au nne kwa wiki, lenga gramu 2 hadi 3 za wanga kwa kila kilo ya uzito wako. Msee wa kilo 70 ni gramu 140 hadi 210 kwa siku. Gramu 100 za unga wa mahindi, kabla ya kupika, ziko na wanga gramu 75 hivi, kwa hivyo pima unga kabla uingie sufuria. Chapo iko na unga na mafuta juu yake, hesabu yote mbili.

Ukitaka kujenga misuli

Ongeza kalori 200 hadi 300 kwa siku, na upandishe wanga hadi gramu 4 au 5 kwa kilo. Kwa kilo 70 hiyo ni 280 hadi 350. Kula ngwashe, ndizi au mchele saa mbili hivi kabla ya mazoezi, kisha ugali na madondo baadaye.

Lakini wanga pekee haujengi misuli. Protini iwe angalau gramu 1.6 kwa kilo, iwe unakata ama unaongeza. Yai moja hukupa kama gramu 6. Zingine tafuta kwa omena, ndengu, maziwa na nyama.

Siku ya kupumzika, punguza kipande cha ugali na ujaze sahani na sukuma. Siku ya kupiga miguu, rudisha.

Utajuaje inafanya kazi?

Jipime asubuhi kabla ya chai, siku kadhaa kwa wiki, kisha tafuta wastani. Anayekata apoteze nusu hadi asilimia 1 ya uzito kwa wiki, yaani gramu 350 hadi 700 kwa msee wa kilo 70. Anayejenga aongeze kama nusu ya hiyo. Wiki mbili zikipita na mizani haijasonga, toa au ongeza gramu 30 hadi 50 za wanga kwa siku, basi. Usibadilishe kila kitu mara moja.

Nani awe makini?

Kama uko na kisukari na unatumia insulini au tembe, ongea na daktari kwanza. Ukikata wanga na dawa ibaki vile vile, sukari inaweza kushuka hadi uzimie. Wajawazito na mama wanaonyonyesha pia waulize kabla ya kuanza.

Kwa wengine wote, sembe ibaki mezani. Ipime tu.