Kwa nini Ufaransa na Ujerumani hazipigani tena?

Katika muda wa miaka 70 nchi hizi mbili zilipigana mara tatu: 1870, 1914 na 1939. Wenye kufa hawakuombwa shauri.

Kant, mwenye hekima wa Ujerumani, aliandika mwaka 1795 kwamba raia wakiulizwa watasita kupigana, kwa maana wao ndio watoao damu na mali. Mfalme hapotezi hata karamu zake. Nasi twaona kwamba nchi zenye kujitawala kwa kura ni nadra kupigana zenyewe kwa zenyewe. Lakini kura pekee haitoshi: Ufaransa ya kura ilipigana Algeria tangu 1954 hata 1962.

Kwa hiyo tarehe 9 Mei 1950 Robert Schuman alitaka makaa ya mawe na chuma cha nchi hizo viwe chini ya mamlaka moja. Tarehe 8 Julai 1962 de Gaulle na Adenauer walisikiliza Misa pamoja huko Reims, katika kanisa kuu lililochomwa na mizinga ya Wajerumani mwaka 1914.

Basi tukumbuke: mtawala asiyetaka kuulizwa na watu wake, jirani naye ajihadhari.