"I am fine": maneno ya kwanza ya Kiingereza yalitoka wapi?

Mwaka jana, kwenye darasa letu la jioni hapa Kicukiro, nilimfundisha mama mmoja sentensi yake ya kwanza ya Kiingereza. Nitamwita Mama Furaha, ingawa hilo si jina lake. Yuko na miaka hamsini na kitu, anauza mboga, na tangu utoto hakuwahi kukaa kwenye dawati. Sentensi yenyewe kila mtu anaijua. Mwalimu anauliza, "How are you?" Darasa linajibu kwa sauti moja, "I am fine, thank you. And you?" Tuliimba hiyo wiki tatu nzima.

Wiki ya nne alikuja daktari mgeni na kikundi cha kujitolea, wanapima watu bure. Mama Furaha alikuwa na kizunguzungu na kichwa kinachogonga kwa siku nyingi, ndiyo sababu alipanga mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi. Zamu yake ilipofika mkalimani alikuwa ametoka kidogo. Daktari akamtazama, akatabasamu, akasema, "How are you?" Basi mama, kwa furaha yote ya mwanafunzi aliyepata swali analolijua, akajibu bila kukosea: "I am fine, thank you. And you?" Daktari akafurahi, akaandika kitu, akaita anayefuata.

Baada ya wiki mbili alianguka sokoni. Presha ilikuwa juu sana. Alipona, namshukuru Mungu, na leo anakunywa dawa zake kila siku. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kwa nini ulinifundisha kuwa mzima kabla ya kunifundisha kuwa mgonjwa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefundisha kama nilivyofundishwa. Kwa hiyo nikaanza kutafuta: haya maneno ya kwanza, nani aliyachagua? Nilichokipata ni historia ndefu kuliko nilivyofikiri, na sisi wakimbizi tumo ndani yake.

Watu waliohesabu maneno

Zamani mwalimu wa lugha alianza na sarufi au na kitabu kitakatifu. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa karne ya 20, watu walipoanza kuhesabu. Mwaka 1921 Mmarekani Edward Thorndike alitoa kitabu chenye maneno 10,000 ya Kiingereza, yamepangwa kwa jinsi yanavyotumika mara nyingi. Aliyahesabu kutoka vitabu vya watoto, Biblia, magazeti, barua na maandishi mengine. Alikuwa anawafikiria walimu wa Marekani na watoto wao, si mama wa Kivu.

Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden akaja na wazo lingine. Alisema mgeni hahitaji maneno elfu kumi, anahitaji 850 tu. Akaita lugha hiyo Basic English, na maneno yote yakaenea kwenye ukurasa mmoja. Vitenzi vilikuwa 18 peke yake: "come", "go", "give", "take", "put" na wenzao. Hata "ask" haikuwemo. Ukitaka kuuliza, unasema "put a question", yaani unaweka swali. Wakati wa vita ya pili ya dunia, mwaka 1943, Winston Churchill alikisifu Kiingereza hicho alipohutubia Harvard. Hapo unaona kwamba orodha ya maneno siyo jambo la darasani tu. Wakubwa nao waliiona kuwa njia ya kueneza lugha yao bila kutuma askari.

Nilikaa na orodha ya Ogden jioni nzima nikiwa na kalamu nyekundu. Kuna "wine" na kuna "whip", yaani mvinyo na mjeledi, lakini hakuna "bean", na sisi tunaishi kwa maharagwe. Hakuna "refugee". Hakuna "camp". Ila kuna "waiting", kungoja. Nilicheka peke yangu, maana hilo moja tu linatutosha wote.

Halafu nikaona kitu kilichonifanya niache kucheka. "Pain" imo, maumivu. "Ill" imo, mgonjwa. "Head" imo, kichwa. Lakini "fine" haimo. Katika maneno 850, yule mzee aliona mtu anaweza kuishi bila kusema "I am fine", ila hawezi kuishi bila kusema anaumwa.

Wengine waliendelea baada yake. Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000, na vitabu vingi vya wanaoanza vimeifuata. Mwaka 1959 redio ya Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo ya Special English: maneno kama 1,500, sentensi fupi, msomaji anasoma polepole. Wazee wengi Afrika walijifunzia hapo, redio sikioni, bila mwalimu na bila ada.

Maneno tuliyo nayo mdomoni tayari

Wanafunzi wangu wakubwa huwa wanaogopa. Wanasema, "Mimi kichwa changu hakiingizi lugha ya wageni." Siku hizi nawajibu kwa somo dogo. Naweka vitu vitano mezani na kuwauliza majina yake.

Kitabu na kalamu vilitoka kwa Waarabu. Meza ilitoka kwa Wareno. Shule ilitoka kwa Wajerumani, waliotawala Tanganyika, Rwanda na Burundi hadi vita ya kwanza ya dunia. Zanzibar, ambako Waingereza ndio walikuwa wakubwa, watu husema skuli. Neno moja tu linakwambia nani alitawala wapi! Penseli ni ya Kiingereza. Na sisi tuliopita kwa Wabelgiji, daftari tunaliita kaye, kutoka Kifaransa.

Kinyarwanda nacho ni hivyo hivyo: igitabo, ikaramu, ameza, ishuri, ikaye. Ukimwambia mama kwamba ameshajifunza Kiarabu, Kireno, Kijerumani na Kifaransa bila kulipa mtu yeyote, anakaa vizuri kwenye kiti. Kiingereza kinakuwa mgeni wa tano anayepiga hodi, na nyumba yenyewe imezoea wageni.

Kiingereza kilifikaje Kicukiro?

Wengi wanafikiri Kiingereza kililetwa Rwanda na Waingereza. Hapana. Waingereza hawakuitawala nchi hii. Baada ya Wajerumani walikuja Wabelgiji, waliochukua Kigali mwaka 1916, na lugha ya ofisi na ya shule za juu ikawa Kifaransa mpaka uhuru wa 1962 na miaka mingi baadaye. Hapa Kicukiro kuna chuo kilichokuwa kinaitwa École Technique Officielle, ETO. Leo majengo hayo watu wanayajua kama IPRC Kigali, jina la Kiingereza. Kila mtu hapa anajua kilichotokea pale tarehe 11 Aprili 1994, wakati askari wa Umoja wa Mataifa walipoondoka wakawaacha watu waliokimbilia ndani, na kumbukumbu yao iko Nyanza ya Kicukiro. Hiyo siyo habari ya msamiati. Naipita kwa heshima na kuinama.

Kiingereza kilifika Kigali na wakimbizi. Kuanzia mwaka 1959 Watutsi wengi walikimbilia nchi za jirani. Waliokwenda Uganda, kwenye makambi kama Nakivale, watoto wao walisoma kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha iliyokuwepo shuleni. Rais Paul Kagame mwenyewe alikulia Uganda akiwa mkimbizi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, maelfu walirudi wakiwa na hiyo lugha mdomoni. Katiba ya 2003 ikaandika lugha tatu rasmi: Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mwaka 2007 Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Oktoba 2008 baraza la mawaziri liliamua kwamba shule ziache Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza. Novemba 2009 nchi ikaingia Jumuiya ya Madola. Hata Kiswahili chetu kikapata cheo: mwaka 2017 bunge lilipitisha sheria ya kukifanya lugha rasmi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa kambini, mtu akikwambia Kiingereza si cha wakimbizi, mwambie asome historia. Lugha unayohangaika nayo hapa ilibebwa na watoto wa kambi.

Lakini sitaki kuipamba. Mabadiliko yale yaliumiza watu. Walimu waliosomea kwa Kifaransa waliamka siku moja wakiwa wanafunzi tena. Serikali yenyewe ilirekebisha njiani: baadaye Kinyarwanda kikarudi kufundishia miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi, halafu mwishoni mwa 2019 Wizara ikatangaza tena Kiingereza tangu mwaka wa kwanza.

Mimi nilifika mwaka 2012, wakati wa vita ya M23, niko na miaka 12. Kule kwetu nilikuwa nimefika la sita, nasoma Kifaransa vizuri. Huku niliwekwa la tatu. Magoti yangu yalikuwa yanagusa dawati kwa chini. Hesabu nilizijua zote, ila sikujua kwamba "take away" maana yake ni kutoa. Muhula mzima nilipata sifuri kwa kitu nilichokijua, na watoto wadogo wakaniita mjinga. Rafiki yangu tuliyekuja naye aliacha shule mwaka ule ule akaenda kubeba mizigo sokoni. Hakukosa akili. Alikosa maneno kama thelathini, na hakuna aliyemwambia ni yapi.

Orodha yetu

Ndiyo maana baada ya Mama Furaha kuanguka tulisimamisha darasa. Nilifuta ubao, nikawauliza: "Wiki iliyopita, ni wapi mlikosa neno?" Walikuwa kumi na wanne, Wakongo na Warundi, mmoja tu alikuwa amemaliza sekondari. Tuliandika kwa lugha zetu kwanza, Kiingereza baadaye. Tulipata maneno arobaini. Sitayaweka yote hapa, nitasema makundi yake.

La kwanza ni mwili: "pain", "head", "chest", "blood", "here". Hilo "here" ni dogo lakini ni kubwa, maana ukisema "pain" ukagusa mahali na kusema "here", umeshaongea na daktari yeyote duniani.

La pili ni muda: "since", "yesterday", "Monday", "again". Daktari na mwajiri wote wanauliza tangu lini.

La tatu ni kujilinda: "slowly", "repeat", "I don't understand", "wrong". Kijana mmoja jina lake lilikuwa limeandikwa vibaya kwenye karatasi kwa miaka, kwa sababu siku ile hakujua kusema "wrong". Kubadilisha herufi moja kulimtembeza kwenye ofisi miezi mingi.

La nne ni kazi: "how much", "per day", "when will you pay". Hili walilipigania vijana wa ujenzi, na wana haki.

"Fine" tuliiweka. Hatukuifukuza, maana salamu ni heshima, na mtu asiyejua kusalimia hafunguliwi mlango. Ila sasa inakuja namba kumi na nane, na inakuja pamoja na ndugu yake, "not fine". Hakuna anayeruhusiwa kujifunza moja bila nyingine.

Sisemi orodha yetu ni nzuri kuliko za wakubwa. Ogden, Thorndike na West walifanya kazi kubwa, na nusu ya maneno yetu yamo kwenye zao. Lakini kila orodha inaanza na swali: mwanafunzi huyu atamwambia nani, jambo gani? Wao walijiuliza swali hilo wakiwa London au New York. Sisi tulijiuliza tukiwa tumekaa kwenye mabenchi hapa Kicukiro, na jibu lazima litofautiane. Walimu wa Mahama au Kiziba nao watapata lingine. Msinakili la kwetu. Futeni ubao, ulizeni watu wenu.

Na ninyi mnaofanya kazi nasi kwenye mashirika, naomba jambo moja. Mtu akikujibu "I am fine, thank you. And you?" haraka haraka, bila kupumua, huenda hajakujibu. Huenda amekusomea somo. Muulize mara ya pili, kwa lugha yake, au ungoja mkalimani arudi.

Mwezi uliopita tulifanya mtihani wa kusema. Nilikaa mbele, nikamwita Mama Furaha, nikamuuliza kama siku zote: "How are you?" Alinyamaza kidogo. Darasa lote likanyamaza naye. Halafu akasema polepole, mkono juu ya goti: "Today, not fine. Pain here. Since Monday. And you, teacher?"

Nikampa alama zote, halafu nikamsindikiza kituo cha afya.