Mkono Uliopima Nguo

Neno tutakalolitazama leo ni mkono. Kila mtu anaujua. Lakini zamani, katika njia ya misafara, mkono ulikuwa pia kipimo cha mali.

Puge iko katika njia itokayo Tabora kwenda Nzega, katika nchi ya Wanyamwezi. Katika karne ya 19 wasafiri wa nchi hii hawakulipa sana kwa fedha, bali kwa nguo na shanga. Mpagazi aliweza kuchukua mtumba wa nguo wa frasila mbili, yaani ratili 70. Kwa nguo hizo msafara ulinunua chakula na kuwalipa watemi hongo. Nguo ilipimwa tangu kiwiko, pale mkono unapokunjwa, mpaka ncha ya kidole cha kati. Huo ndio mkono mmoja, sawa na shibiri mbili. Mikono minne ni shuka. Mikono minane ni doti.

Waarabu hukiita kipimo hicho dhiraa, na maana yake ni mkono. Waingereza hukiita cubit, neno walilolipata katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwa Kilatini cubitum ni kiwiko, na wenye elimu ya lugha hulihusisha na cubare, yaani kulala, kwa kuwa mtu alalaye ubavu huegemea kiwiko. Hivyo maneno ni mbalimbali, lakini kipimo kimetoka katika kiungo kile kile.

Shida yake ni hii: mikono ya watu hailingani. Auzaye hupenda apime mwenye mkono mfupi, na anunuaye hupenda mwenye mkono mrefu. Kama mikono yao yapitana kwa upana wa vidole viwili tu, katika doti moja tofauti ni vidole kumi na sita, nao mkono mzima hukadiriwa kuwa vidole 24. Hapo mwenye njaa hupunjwa, na ugomvi huzuka.

Kwa sababu hiyo wari, na baadaye mita, zilifaa kuliko mkono: ufito wa kupimia haubadiliki kwa kupokewa na mtu mwingine. Hata hivyo neno la kale halikufa. Leo doti ni jozi ya khanga, na aiombaye dukani hahesabu tena mikono minane.