Askofu Patteson wa Melanesia

Katika kitabu hiki cha Jubilei wasomaji watakuta habari za maaskofu waliolilea Kanisa letu. Sisi twapenda kuongeza habari za mmoja wa mbali, John Coleridge Patteson, Askofu wa kwanza wa Melanesia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Hakufika kamwe kwetu. Lakini aliwekwa kuwa Askofu tarehe 24 Februari 1861, mwaka ule ule alipowekwa Mackenzie, Askofu wa kwanza wa Misheni ya UMCA. Naye alipambana na uovu uliofanana na ule uliowapeleka wazee wetu wengi sokoni Unguja.

Patteson alizaliwa London mwaka 1827, mwana wa jaji. Katika shule ya Eton alisifiwa sana kwa mchezo wa kriketi, akawa mmoja wa wale kumi na mmoja walioichezea shule. Wachezaji hao walikuwa na karamu yao kila mwaka, na desturi mbaya ya kuimba humo nyimbo chafu. Patteson alitangulia kuwaonya kwamba wakiimba hivyo atatoka. Kijana mmoja akaimba. Patteson akainuka, akatoka. Kisha akapeleka neno kwamba asipoombwa radhi hatacheza tena. Twajua sote jinsi kijana apendavyo mchezo anaoujua, na jinsi aogopavyo kuchekwa na wenziwe. Lakini wao ndio walioomba radhi.

Akaenda Oxford, akatiwa ushemasi mwaka 1853. Mwaka uliofuata Askofu Selwyn wa New Zealand alifika kwao kutafuta wasaidizi. Baba yake Patteson alikuwa mzee, na mkewe amekwisha kufa. Hata hivyo alimtoa mwanawe, asitumaini kumwona tena. Wakasafiri mwaka 1855.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka visiwa katika merikebu ya Misheni, Southern Cross. Mara nyingi aliogelea mpaka pwani peke yake, bila silaha, zawadi zimo ndani ya kofia yake, akaandika majina ya watu na maneno ya lugha yao. Alijifunza lugha zaidi ya 20. Vijana aliopewa na wazazi wao aliwafundisha kwanza New Zealand, na tangu mwaka 1867 katika Kisiwa cha Norfolk. Hakutaka kuwageuza kuwa Waingereza. Walifundishwa kwa lugha ya Mota, lugha ya kisiwa kimoja cha kwao, na kazi za jikoni na shambani zilifanywa na wote, Wazungu na wenyeji pamoja. Mwaka 1868 George Sarawia alitiwa ushemasi, Mmelanesia wa kwanza kupata daraja hiyo.

Siku zile merikebu nyingine zilikuwa zikichukua watu wa visiwa kwenda kulima mashamba ya Fiji na Queensland. Wengine walikwenda kwa hiari, wengi walidanganywa au kukamatwa kwa nguvu. Mwaka 1871 Patteson aliiandikia Sinodi Kuu ya New Zealand, akitaka sheria ya kuizuia dhuluma hiyo.

Tarehe 20 Septemba 1871 alifika Nukapu. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua haikuweza kuvuka mwamba. Basi akapanda ngalawa ya wenyeji, akaenda nao pwani. Huko akauawa. Wenziwe waliomngoja katika mashua walipigwa mishale. Joseph Atkin, ingawa amejeruhiwa, alivuka mwamba kumtafuta Askofu wake. Walimkuta katika ngalawa inayoelea, amefunikwa mkeka, mwilini ana majeraha matano, na juu yake ukuti wenye mafundo matano. Siku chache baadaye Atkin na Stephen Taroaniara, mwana wa visiwa hivyo, walikufa kwa pepopunda.

Watu wa Misheni waliamini kwamba kilikuwa kisasi cha watu watano walioibwa Nukapu. Wataalamu wa siku hizi wametaja na sababu nyinginezo. Lakini tendo lililofuata lahuzunisha: mwaka ule ule manowari Rosario iliwapiga watu wa Nukapu kwa mizinga, ingawa watu wa Misheni hawakutaka kisasi.

Hata hivyo kifo chake kiliamsha watu Uingereza, na mwaka 1872 Bunge likapitisha sheria ya kuwalinda watu wa visiwa. Dhuluma haikukoma mara moja, lakini njia ilianza kufungwa. Mwaka 1873 soko la watumwa Unguja nalo lilifungwa. Kanisa la Melanesia likaendelea kukua, na mwaka 1975 likawa Jimbo lenye kujitawala.

Ndugu walimu, watoto wenu huenda wasiitwe kufa kisiwani. Lakini kila mmoja wao ataketi siku moja katika karamu ya wenziwe, na neno baya litasemwa. Wafundisheni kuinuka. Patteson alianzia hapo.